Mti Ukikauka Kuanzia Juu: Kuchunguza Afya ya Miti ya Asili Mlimani

Someni pamoja kabla ya kuanza: Luka 13:6–9 na Zaburi 104:10–18.

Ukiutazama msitu wa Kilimanjaro kutoka barabara ya Himo kwenda Moshi, utaona mkanda wa kijani kati ya migomba na mawingu, nawe utasema msitu ni mzima. Mwaka 2001 nao ulionekana hivyo hivyo. Mwaka huo watafiti waliruka juu yake kwa ndege ndogo wakahesabu maelfu ya miti ya asili iliyokatwa isivyo halali, na mkulo (Ocotea usambarensis) ulikuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi. Aliyekuwa barabarani hakuona hata pengo moja.

Somo la robo hii ni kwa vikundi vya mazingira vya sharika, shule na vijiji vinavyopakana na misitu ya kaskazini mwa Tanzania. Mifano mingi tumeitoa Kilimanjaro, lakini ndugu zetu wa Meru, Pare na Usambara wanaweza kuifuata njia hiyo hiyo. Vifaa vya gharama havihitajiki. Mtahitaji daftari, penseli (kwa sababu wino huyeyuka ukungu ukilowesha karatasi), kamba, futi ya fundi cherehani, na watu wawili au watatu ambao hawatachoka baada ya safari ya kwanza. Hao ndio wagumu kuwapata.

Kwa nini tujisumbue

Mifongo inayomwagilia vihamba vya Wachagga, na mito inayoshuka hadi tambarare za mpunga, inategemea msitu ule. Mvua nyingi zaidi ya mlima hunyesha kwenye mkanda wa msitu wa upande wa kusini, wala si kileleni. Sehemu ya juu ya msitu hunasa pia ukungu: matone hushika kwenye majani na kwenye mimea midogo iliyofunika magome, kisha hudondoka ardhini hata siku isiyo na mvua.

Mtafiti Andreas Hemp, ambaye ameufanyia kazi mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji tunayopoteza kwa kuungua kwa msitu unaonasa ukungu ni mengi kuliko tunayopoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Barafu husikitikiwa na dunia nzima kwa sababu inaonekana kwenye picha. Miti haina bahati hiyo. Baada ya andiko hilo mlima umeungua tena, Oktoba 2020 na Oktoba 2022.

Mwenye shamba na mtunza shamba

Katika mfano wa Luka, mwenye shamba alikuja miaka mitatu kwenye mtini uleule akitafuta tunda, akakosa, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba hakubisha kwamba mti hauna matunda. Aliomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuutilia samadi, kisha waangalie tena.

Tuone tofauti ya watu hawa wawili. Mmoja anatazama tunda tu. Mwingine anatazama mpaka chini kwenye mizizi, ana pendekezo, na amepanga siku ya kurudi. Lakini hata mwenye shamba ana jambo la kutufundisha: alirudi kwenye mti uleule miaka mitatu. Vikundi vyetu vingi hupanda miche siku ya maadhimisho, hupiga picha na mgeni rasmi, kisha havirudi. Afya ya mti haijulikani kwa kuutazama mara moja, kama vile mama wa kliniki hawezi kujua mtoto anakua kwa kumpima siku moja.

Kwanza ufahamu mti wenyewe

Mgeni akipita mlimani mwezi wa tisa na kuona mruka umepukutika majani, anaweza kudhani umekufa. Mruka ni Albizia schimperiana, na kupukutisha wakati wa kiangazi ni tabia yake. Mringaringa nao hupunguza majani. Mfurufuru, ambao wataalamu huuita Croton macrostachyus, hugeuza majani yake ya zamani kuwa rangi ya machungwa kabla hayajaanguka, na karibu wakati wowote utayaona machache. Huo si ugonjwa. Lakini mkulo au podo ukiwa na nusu ya kichwa bila majani, hilo ni jambo lingine kabisa, kwa maana miti hiyo huwa na majani mwaka mzima.

Hivyo kabla ya kuandika lolote kaeni na wazee, hasa kina mama waliozoea kuokota kuni, mwulize kila mti una tabia gani: unachanua lini, unazaa lini, nani anakula matunda yake. Andikeni jina la Kichagga, au la Kipare, Kisambaa au Kimeru, kama linavyotamkwa kijijini kwenu. Majina ya kisayansi mtayapata kwa afisa misitu baadaye. Mkulo unatambulika kirahisi: ukilifikicha jani unapata harufu ya kafuri, na upande wa chini wa jani ni mweupe-mweupe. Upande wa kaskazini wa mlima, ulio mkavu, mtakutana zaidi na mwangati (Juniperus procera) na mzeituni mwitu.

Miti ishirini inatosha

Tangu mwaka 2005 msitu wa hifadhi umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo msiingie bila kibali. Kama kibali kinachelewa, anzeni na miti ya asili iliyo nje ya mpaka: ile ya kingo za mito, ya viwanja vya kanisa na shule, na ile iliyobaki katika vihamba. Kikundi kinachojifunza kwenye miti hiyo kitakuwa na la kuonyesha siku kitakapokwenda kuomba ruhusa ya kupanda juu zaidi.

Chagueni miti ishirini ya aina tatu au nne, mikubwa na midogo. Kosa la kawaida ni kuchagua majitu yanayopendeza tu, au yaliyo kando ya njia tu. Njia yenyewe hudhuru miti kwa kukanyagwa na kwato na watu, kwa hiyo mkitazama ya njiani peke yake mtadhani msitu wote unaumwa. Ingieni hatua thelathini au arobaini ndani.

Msipigilie misumari, maana kila tundu kwenye gome ni mlango wa ukungu na wadudu. Chora ramani ndogo, andika namba, andika alama ya jirani kama jiwe au kijito. Penye ardhi ya kijiji mnaweza kupanda isale hatua chache kutoka kwenye shina. Kila Mchagga anajua kwamba isale halichezewi.

Nendeni mara mbili kwa mwaka: Juni baada ya masika, na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, kiangazi kinapokuwa kimeibana miti. Nendeni miezi ileile kila mwaka, la sivyo mtakuwa mnalinganisha mti wenye njaa na mti uliotoka kula.

Anza juu, shuka chini

Simama mbali na mti kiasi cha urefu wake, jua likiwa mgongoni mwako, kwa sababu mti ukitazamwa dhidi ya anga lenye mwanga huonekana mweusi wote na matawi makavu hujificha. Igawe taji ya mti kwa mawazo katika robo nne. Ni robo ngapi hazina majani? Kila mmoja aandike jibu lake bila kumwonyesha mwenzake, ndipo mlinganishe. Mkitofautiana kwa robo moja, si neno. Mkitofautiana kwa mbili, mwende upande mwingine mtazame tena. Jambo hili dogo la kuandika kwa siri lina faida kubwa, kwa sababu pasipo hilo kila mtu huandika alichosema mwenyekiti.

Angalieni ukavu umeanzia wapi. Matawi ya chini yaliyo kivulini hufa kwa kawaida, mti unayaacha wenyewe. Ukavu unaoanza kwenye ncha za juu na kushuka ndio wa kuogopa, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba mizizi haifikishi maji kule juu. Chanzo chaweza kuwa ukame, mizizi iliyokatwa, udongo uliogandamizwa, moto au ugonjwa. Mara nyingi mti wa namna hiyo huanza kuchipua vijitawi vingi kwenye shina. Watu hufurahi wakidhani unapona. Vijitawi hivyo ni dalili kwamba mti uko taabuni na unajaribu kujiokoa. Ama utafanikiwa ama hautafanikiwa, ndiyo maana tunarudi mwakani.

Kwenye matawi mtafute kirukia, mmea unaoota juu ya mti na kunyonya maji yake. Vichaka vichache si hatari kwa mti mkubwa, lakini vikijaza taji nzima huudhoofisha. Msichanganye kirukia na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya juu mlimani, wala na zulia la kijani kwenye magome. Vitu hivyo havinyonyi mti. Ndevu zile hupenda hewa safi na unyevu, na kijana aliyejitolea kuzikwangua ili “kuutibu” mti atakuwa ameupunguzia msitu uwezo wa kushika ukungu.

Kwenye shina tafuteni unga wa mbao unaomwagika kutoka vitundu vidogo, jeraha la panga, utomvu unaochuruzika, na uyoga mgumu uliojishikiza kama rafu. Uyoga huo huonyesha kwamba ndani mnaoza. Mwangati mzee huozeshwa moyo na uyoga wa aina yake, na mti unaweza kusimama na majani mabichi miaka mingi huku ndani ni pango. Gonga kwa kipande cha mti usikilize. Pimeni pia mzingo wa shina kwa futi, mita 1.3 kutoka ardhini, mahali palepale kila mara. Miti ya msituni hukua polepole, msishangae mwaka wa kwanza futi isipoonyesha kitu.

Mti mzee wenye pango si lazima uwe msiba. Hondohondo hutaga humo, na ndege huyo ndiye anayebeba mbegu za miti ya msitu kuzipeleka mbali. Msitu wenye afya una wazee wanaokufa. Swali ni nani anayefuata.

Wazee bila wajukuu

Hapa ndipo tunaomba vikundi vitumie muda mwingi kuliko pengine pote, na ndipo wengi hupita haraka kwa kuwa hapana fahari kupiga magoti kwenye matope.

Fungeni kamba ya mita tano kwenye shina, mzunguke nayo, mkihesabu miti michanga ya aina ileile iliyo ndani ya duara. Itengeni kwa urefu: iliyo chini ya goti, ya kati ya goti na kichwa, na iliyopita kichwa. Ikiwa iliyo chini ya goti ni mingi na iliyopita kichwa hakuna hata mmoja mwaka baada ya mwaka, kuna kinachoila au kuikata. Tazameni ncha. Jino la mbuzi au la mnyama wa porini huacha ncha iliyochanika. Panga la mkata majani ya ng'ombe huacha mkato safi. Ikiwa hakuna hata iliyo chini ya goti, ulizeni kama mti unazaa, na kama mbegu zinafika ardhini zikiwa nzima.

Mkulo utawafundisha uvumilivu. Matunda yake hushambuliwa sana na wadudu wanaoyafanya yavimbe, hivyo mbegu nzuri ni chache, na mti huu hujirudishia zaidi kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi. Kwa hiyo mkulo ukikatwa, kizazi kipya kinaweza kutoka kwenye mizizi ileile, kama eneo halitachomwa na machipukizi hayatafyekwa. Penye kisiki cha mkulo hesabuni machipukizi kwa uangalifu kuliko popote. Kisiki chenye machipukizi kumi yaliyofika kiunoni ni habari njema, hata kama wapita njia wanaona kisiki tu.

Msitu unaweza kusimama umri wa mtu mzima au zaidi, mabichi yote juu, bila mtoto hata mmoja chini. Kwenye picha utapendeza. Ndiyo maana tunasema hesabu ya chini ya goti ina uzito kuliko uzuri wa taji.

Mti mmoja au ukoo mzima?

Mti mmoja ukiumwa kati ya ishirini, andikeni na kuendelea. Miti ya aina moja ikianza kukauka pamoja, midogo kwa mikubwa, na ya aina nyingine iko salama, pengine ni mdudu au ugonjwa. Aina zote zikidhoofika mahali pamoja, tafuteni sababu kwenye ardhi: moto, maji yaliyogeuzwa njia, mifugo.

Wengi wanakumbuka misonobari ya mipakani na mashambani ilivyokauka ikawa kahawia. Alikuwa kidukari wa msonobari, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na miaka michache baadaye akawa ameenea Tanzania na Kenya. Aliishambulia pia miangati, kwa kuwa ni jamaa ya msonobari. Mwaka 1994 nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya kidukari huyo aliachiwa huko Malawi ili ampunguze. Wanaotazama miangati ya kaskazini wafunue matawi na kuangalia upande wa ndani, karibu na shina, maana huko ndiko vidukari hukusanyika. Masizi meusi yanayonata ni alama yao. Mkiona, chukueni picha kwa simu, andikeni tarehe na mahali, mpeleke kwa afisa misitu wa wilaya au TFS. Taasisi ya utafiti wa misitu, TAFORI, ina watu wanaoweza kutambua wadudu. Msipulize dawa msituni kwa kubahatisha.

Jeraha likiwa la jirani

Mapema au baadaye daftari litakutana na panga. Mtakuta mkondekonde, yaani Prunus africana, umechunwa gome mzunguko mzima. Gome lake ni dawa ya asili ya siku nyingi na husafirishwa nje kwa ajili ya dawa za tezi dume. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa kwa mkataba wa CITES. Mti uliochunwa mzunguko mzima hufa. Uliochunwa vipande viwili vinavyotazamana, bila kukwangua mbao, huweza kufunika kidonda. Au mtakuta msesewe wa kando ya mto umeachwa mtupu, na kila mtu anajua gome lake huenda kwenye mbege. (Hapa mwinjilisti huwa anakohoa.)

Ushauri wetu ni huu. Daftari liandike jeraha, ukubwa wake na tarehe. Lisiandike jina la mtu. Kikundi kinachoanza kuwa polisi hufungiwa milango kijijini, na kina mama wanaojua msitu kuliko wote wataacha kusema. Mchuna gome mara nyingi ni mgonjwa, au anamtibu mgonjwa, na mazungumzo yanaweza kumpatia miche ya mkondekonde apande kihambani, ambako hustawi vizuri. Lakini misumeno inayolia usiku na mbao zinazosombwa kwa gari ni jambo lingine. Hapo msiwafuate wala msiwapige picha kwa karibu. Ondokeni, mtoe taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa KINAPA au TFS, na mchungaji aambiwe ili wahusika wasiachwe peke yao wakitishiwa. Tunajua kwamba wapo watakaoona huku ni kuwapendelea maskini na kuwaogopa wenye magari. Jadilini.

Mara nyingi kinachoweza kufanywa baada ya uchunguzi ni kidogo na cha mikono: kugeuza njia ya ng'ombe isipite juu ya mizizi, kuzungushia miiba machipukizi ya mkulo, kukata mitambazi iliyosonga mti mchanga, kuokota mbegu za podo na kuziotesha kitaluni, kuwahi kufyeka mpaka wa moto kabla ya Septemba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kushiriki katika kusimamia misitu, na daftari la miaka mitatu ni hoja nzito mbele ya ofisi yoyote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ni mti gani wa asili ambao babu na bibi zenu waliujua na watoto wenu hawaujui? Ulitoweka lini, na nani aliona?

Mfongo wenu unaanzia wapi? Nani kati yenu amefika kwenye chemchemi yake miaka mitano iliyopita?

Viti na milango ya kanisa lenu ni vya mti gani, na mlipojenga mara ya mwisho mliuliza mbao zimetoka wapi?

Mkikuta alama za panga la mtu wa usharika wenu kwenye mti namba saba, nani atakwenda kuzungumza naye, na atakwenda na nini mkononi?